Mshono wa Pili

Ratiba ya kongamano iliingia kwenye simu yangu Jumatatu, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeshaamua kwamba kuna mwizi. Kongamano lenyewe ni la siku moja, hufanyika kila mwaka, na huwakusanya watu wasiozidi arobaini wanaofanya hisabati ya nukta na mistari. Unachora nukta, unaziunganisha kwa mistari, mchoro huo unauita grafu, kisha unajiuliza maswali ambayo jirani yako akiyasikia atakuonea huruma. Mada ya tano, saa nane na nusu mchana, ilikuwa ya Mpole. Alikuwa ameandika kwamba ataonyesha jinsi ya kupaka rangi nukta zote za grafu ya aina fulani, pasiwe na nukta mbili zilizoungana zenye rangi moja. Angeikata grafu vipande na kuishona upya, na rangi tano zingetosha.

Kukata na kushona. Rangi tano. Hayo yalikuwa yangu. Yalinijia miaka miwili iliyopita nikiwa nimesimama kwa fundi wa matairi, nikampa mwanafunzi wangu wa uzamivu ayafanyie kazi, na wiki tatu baada ya kongamano alitakiwa kutetea tasnifu iliyoyabeba. Hatukuwa tumechapisha hata ukurasa mmoja. Tasnifu ya uzamivu lazima iwe na jambo jipya. Mpole akilitoa yeye kwanza mbele ya ukumbi mzima, jipya la mwanafunzi wangu linageuka kuukuu, na jasho la mtoto wa watu linakwenda bure.

Mwanafunzi huyo tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama aliyo nayo kidevuni. Ana mume na mtoto wa darasa la kwanza, na huniita mama ingawa nimemzidi miaka kumi na minane tu. Nampenda, nalisema wazi. Ndiyo maana kilichotokea asubuhi ya kongamano kinaniuma mpaka leo.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikipewa zawadi naigeuza kwanza nione chini kuna nini. Kazi nayo imenilea hivyo. Kwa miaka ishirini nimesoma hoja za watu nikitafuta zinapovuja, na mtu akiandika "ni dhahiri kwamba," mimi naweka kituo hapohapo, maana mara nyingi ndipo alipoficha maiti.

Nilifika ukumbini kabla ya saa mbili. Ni chumba kirefu cha ghorofa ya pili, chenye feni tatu ambazo moja hulalamika, na meza ya chai imewekwa mlangoni kabisa, kiasi kwamba huwezi kuingia bila kusalimiana na kila mtu. Mpole alikuwa pale, kikombe mkononi. Anafundisha chuo kingine. Ni mwembamba, sauti yake iko chini, na ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Watu wa namna hiyo nimewashuku tangu utotoni.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Naona leo umekuja na kitu kizito."

"Cha kawaida tu. Kimenihangaisha siku nyingi."

"Siku ngapi?"

Alifikiri kidogo. "Inafika miaka sita sasa."

Miaka sita. Nikatabasamu, na moyoni nikasema, tazama mwongo anavyojua kujitanguliza. Mimi nilikuwa na miwili, kwa hiyo yeye kajipimia sita ili asifikiwe. Machale yakanicheza. Kama Mpole aliiba, kuna aliyemfungulia mlango, na waliojua kazi ile duniani walikuwa wawili. Mmoja ni mimi.

Nilimkuta Kidoti kwenye korido, anajaza maji chupa yake.

"Ile sura ya tatu ulimpa nani?"

"Sijampa mtu, mama."

"Fikiri vizuri. Mwaka jana ulikwenda kwenye semina chuoni kwao Mpole."

"Nilikwenda. Nilikaa nyuma, nikasikiliza, nikarudi nyumbani."

"Ulikaa nyuma na nani?"

Alifunga bomba. "Unaniuliza kama nimegawa kazi yangu mwenyewe?"

"Nakuuliza kama una domo."

Neno likishatoka ndiyo limetoka. Aliniangalia kama mtu anayesoma sentensi mara ya pili kuhakikisha hakukosea, akakaza kifuniko cha chupa, akarudi ukumbini na kukaa mstari wa mbele, mbali na kiti nilichomwekea. Nilijua nimemuumiza. Nilijiambia pia kwamba asiye na hatia hakasiriki upesi hivyo, na hapo mniwie radhi, ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi.

Kisha nikamfuata Babu. Babu ndiye mwenyekiti wa kongamano, alinifundisha mimi na nusu ya ukumbi, na ndiye pia angeongoza jopo la kumhoji Kidoti siku ya kutetea tasnifu.

"Babu, Mpole akimaliza, swali la kwanza nipe mimi."

"Una swali au una ugomvi?"

"Nina swali."

"Haya. Kwako wewe, mpaka kati ya hivyo viwili sijawahi kuuona," alisema, akaniandika.

Mada nne za kwanza zilipita juu ya kichwa changu. Nakumbuka bwana mmoja aliandika ubaoni kwa kalamu iliyokauka, akawa anatuambia tu kilichopaswa kuonekana. Mimi nilikuwa napanga mashtaka yangu nyuma ya ratiba: tarehe tuliyoanza, tarehe ya rasimu ya kwanza, tarehe ya ile semina. Nilitaka nimpe Mpole vidonge vyake kwa mpangilio, hatua kwa hatua, asipate pa kutokea.

Saa nane na nusu akasimama. Akaeleza kukata, akaeleza kushona, na kila alichosema nilikijua kabla hajakisema. Nikamtazama Kidoti mgongoni. Alikuwa anaandika kwa kasi, mabega juu.

"Makala hii niliipeleka kwenye jarida miaka minne iliyopita," Mpole alisema. "Ikakataliwa. Nanyi mnajua utaratibu, mhakiki anayeisomea jarida hajui mwandishi ni nani, na mwandishi hajui mhakiki ni nani. Huyu wangu alikuwa mkali, hakunibakizia kitu. Lakini alinitumia mfano mmoja mdogo unaovunja hatua yangu ya nne, na ule mfano ndio ulionionyesha kwamba mshono mmoja hautoshi. Inahitajika wa pili. Imenichukua miaka kuupata. Popote alipo, namshukuru."

Akabonyeza kompyuta yake, na ukutani akatokea kaa.

Ni grafu ya nukta kumi na moja, ina magando mawili pembeni na miguu isiyolingana, na hakuna anayeiita kaa isipokuwa mimi na niliowafundisha. Niliichora nikiwa bado mwanafunzi, na tangu hapo naitumia kuvunjia hoja za watu. Sijawahi kuichapisha. Wanafunzi wangu wote nawachorea wiki ya kwanza, na siku ile ukumbini alikuwepo mmoja tu.

Kidoti aliacha kuandika. Akageuka nyuma taratibu, kichwa tu, akanitafuta katikati ya watu mpaka macho yetu yakakutana.

Hapo nikakumbuka. Miaka minne iliyopita mume wangu alikuwa amelazwa, na kazi nilikuwa naifanyia kwenye benchi nje ya wodi. Makala ilikuja bila jina la mwandishi, kama zinavyokuja zote. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu. Nilichora kaa, nikaandika ripoti kali, nikaituma, nikafuta kila kitu kama tunavyotakiwa. Wiki ile ile nilizika. Makala ile ikazama pamoja na mengine yote ya mwezi ule, na ilipoibuka kwa fundi wa matairi haikuwa tena na alama ya ilikotoka. Hata mshono wa pili: mimi na Kidoti tulianza kwa mishono miwili tangu siku ya kwanza, na mimi, ninayeshuku kila kitu, sikujiuliza hata mara moja kwa nini nilijua mmoja hautoshi.

Watu walipiga makofi. Babu akatazama karatasi yake. "Swali la kwanza liliombwa tangu asubuhi," alisema, akaninyooshea mkono.

Nilisimama. Ukumbini mzima mtu mmoja tu alijua, na alikuwa amegeukia mbele tena. Ningeweza kuuliza swali lolote la kiufundi nikakaa. Mpole angenijibu kwa adabu, na Kidoti, aliyeniogopa na kunipenda, pengine angenyamaza milele. Lakini wiki tatu baadaye angesimama mbele ya Babu na sura ile, na mtu yeyote aliyekuwepo leo angemwona yeye ndiye mwizi.

"Sina swali," nilisema. "Mhakiki huyo ni mimi. Niliisoma, nikaikataa, nikaisahau. Baadaye nikadhani nimeigundua mwenyewe, nikampa mwanafunzi wangu iwe sura ya tatu ya tasnifu yake. Yeye hakujua, na hajamwambia mtu kitu. Nilimtuhumu asubuhi. Nataka hilo lijulikane."

Mpole alinitazama bila hasira, na hilo lilinishinda zaidi.

"Nilidhani mhakiki aliisoma harakaharaka," alisema.

"Niliisoma sana, ndugu yangu. Ndiyo taabu yenyewe."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Babu akaita swali linalofuata.

Mapumziko yalipofika Babu alituita kando mimi na Kidoti, karibu na dirisha. Hakunigombeza. Alisema sura ya tatu itoke yote, na Mpole atajwe popote kazi yake ilipoguswa. Kisha akamgeukia Kidoti. "Zilizobaki zikisimama zenyewe, utatetea tarehe ile ile. Zinasimama?"

"Nitakujibu, Babu," Kidoti alisema.

Babu alipoondoka, nilianza kumwomba radhi kwa lile neno la kwenye korido. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akanikatiza, kwa upole, huku akifungua kompyuta yake juu ya kizingiti cha dirisha na kuitafuta sura ya pili, ile ndefu, ile iliyobeba kila kitu sasa.

"Hii," alisema. "Wazo lake ulikuja nalo asubuhi moja, limekamilika. Ulilitoa wapi?"

Alisubiri, vidole vikiwa juu ya kibodi, tayari kuandika jibu. Nilifungua mdomo niseme ni langu. Nilikuwa na uhakika nalo kabisa, kama nilivyokuwa na uhakika na lile jingine.