Mndimu Uliooshwa kwa Sabuni

Kuna hasira inayokuja polepole, mtu akapata nafasi ya kukaa kitako na kuifikiria. Hii haikuwa ya namna hiyo. Mshonaji alitoka uani asubuhi, kamera shingoni, akauona mndimu wake unang'aa jani kwa jani kama vyombo vya harusi, na papo hapo moyo ukamlipuka. Aligeuza jani la kwanza. Tupu. Akageuza la pili, la tatu, akauzunguka mti mzima akipekua kama mtu aliyeangusha pete. Majani yalinuka sabuni ya kuoshea vyombo.

"Nani kagusa mti wangu?" alipiga kelele, akawaamsha majirani bure, maana aliyeugusa alikuwa jikoni anakunywa chai.

Mtaani walimwita Mama Wadudu. Jina hilo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi chumba cha uani na ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika hata Jumapili. Mchana kutwa mshonaji alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule na magauni ya watu wasioridhika. Asubuhi, kabla ya cherehani, alikuwa mtu mwingine. Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mtumba, kifuniko cha betri kimefungwa kwa lastiki ya sketi. Lenzi maalumu ya kukuzia wadudu hakuwa nayo wala hakuiota. Aliichomoa lenzi ileile ya kawaida, akaigeuza nyuma mbele, akaibana kwa mkono wa kushoto kwenye mdomo wa kamera, na kitu kidogo kama punje ya ulezi kikajaa kioo kizima. Lakini ukifanya hivyo kamera hailengi tena yenyewe. Ilimbidi azuie pumzi, asogee mbele, arudi nyuma, upana wa uzi tu, mpaka jicho la mdudu likae sawasawa, ndipo abonyeze. Kadibodi nyeupe iliyotoka ndani ya shati jipya aliiegemeza pembeni irudishe mwanga. Picha nyingi zilitoka ukungu mtupu. Alizifuta, akaanza upya, wala hakununa.

Safari hii alikuwa na jambo lake. Kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya njano, alitaga juu ya mndimu, naye mshonaji akaapa kumpiga picha mtoto wake tangu yai mpaka siku atakaporuka. Hakumwambia mtu kwa nini, ila anayemjua anajua. Mama huyu hajawahi kumaliza kitu chake. Chuo cha ushonaji alikiacha katikati mama mkwe alipougua. Duka alilolifungua alilifunga mashemeji walipokosa mlezi. Hata sweta aliyojifumia iligeuka ya mtoto kabla haijapata mikono. Kila alipoanza jambo, kuna mtu aliita. Sasa kiwavi huyu hakuwa wa mama mkwe wala wa shemeji. Yai alishalipata. Kiwavi akitoka na kula ganda lake mwenyewe, alishampata. Bado abadilike awe kijani, ajifunge kwa uzi kwenye tawi, kisha apasuke atoke na mabawa.

Na viwavi hao wakiwa wadogo wana ujanja wao. Ni weusi, wana baka jeupe kiunoni, wanang'aa kama wamelowa. Mmoja akilala juu ya jani, utaapa ni kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake, maana hakuna ndege anayekula mavi.

Mumewe, fundi bomba, alitoka na kikombe mkononi, anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa.

"Umeona? Nimekuoshea mti wako."

"Umefanya nini?"

"Mke wangu, kila siku nakuona umeinama hapa unapiga picha, na majani yenyewe yamejaa mavi ya ndege. Nikakuonea huruma. Nimeamka kabla yako, nikachukua sifongo na sabuni, nikafuta moja moja. Kisha nikapiga maji ya mpira. Sasa piga picha kitu kisafi!"

Mshonaji alipiga magoti kwenye mfereji wa maji machafu, akachokoa takataka kwa kidole. Alimpata mmoja, amelainika, amelala ubavu ndani ya povu. Hakuweza kujua kama ndiye yule wake au ni ndugu yake. Hilo ndilo lililomtia wazimu.

"Hayakuwa mavi," alisema.

"Yalikuwa nini?"

"Viwavi! Viwavi wangu!"

Fundi bomba akautazama mfereji, akautazama mti. "Lakini walikuwa wanafanana kabisa na..."

"Kwa hiyo ulidhani mkeo anaamka alfajiri yote hii kupiga picha mavi?"

"Nilidhani ndiyo mambo yenu ya sanaa."

"Na hukuniuliza?"

"Sikutaka kukuingilia."

Wifi naye alishatokeza mlangoni, mswaki mdomoni, anacheka mpaka povu linamdondoka. "Jamani wifi, punguza. Hasira hasara."

"Hasara imeshatangulia," mshonaji akamjibu. "Acha hasira ifuate."

"Asante ya punda ni mateke," akasema mume, sasa ameumia kweli. "Siku zote nasemwa kwamba sisaidii. Leo nimesaidia, naonekana muuaji."

"Nilikuonyesha! Nilikuletea kamera mpaka kwenye kochi, nikakwambia, baba watoto, mtazame anavyotoka kwenye yai. Ukasema nini?"

"Nilisema nzuri."

"Ulisema nzuri na macho yako yako kwenye mpira! Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe uliambiwa, ukaonyeshwa, ukawekewa mkononi. Ungetazama mara moja tu, mara moja, leo usingeshika hiyo sifongo."

"Basi, pole. Vipepeo si wapo wengi? Atataga mwingine."

Afadhali angemtukana. Mwingine! Hata chuo alimwambia kuna kingine, na duka akamwambia kuna lingine, na mwaka siku zote kulikuwa na mwingine. Mshonaji aliipiga teke ndoo ya povu ikabingirika mpaka miguuni kwa wifi, akaingia ndani, akabamiza mlango. Siku hiyo alivunja sindano za cherehani kama anavunja njiti za kiberiti, na chakula cha jioni kila mtu alijitafutia.

Kesho yake alitoka kwa mazoea tu. Miguu ilimpeleka. Alimkuta mumewe amemtangulia, amechuchumaa chini ya mndimu, kidole mdomoni.

"Njoo!" alinong'ona. "Njoo polepole! Mmoja amebaki!"

Moyo wa mshonaji uliruka. Ndiyo, uliruka, mjinga yule. Alikwenda mbio akigeuza lenzi njiani, akainama, akazuia pumzi, akasogea mbele, akarudi nyuma, mpaka kioo kikatulia.

Yalikuwa mavi ya ndege. Mavi halisi, mabichi, ya asubuhi ileile.

Aliinua kichwa akamtazama mumewe. Uso wa fundi bomba ulijaa matumaini kama wa mtoto. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa tayari, tena yamenolewa.

"Ndiye?" mume akauliza.

"Ndiye," akasema. "Mtazame. Usibanduke, na usipumue kwa nguvu. Muda si mrefu atatembea."

"Akitembea nikuite?"

"Niite."

Aliingia ndani, akamimina chai, akakaa dirishani. Alitaka kucheka, na kicheko kilifika mpaka kooni. Jua lilipanda, likampiga fundi bomba kisogoni, naye hakusogea. Wifi alipita akamwuliza kitu, akamnyamazisha kwa mkono. Simu ikalia mfukoni mwake, akaiacha ilie. Alikuwa anatazama kwelikweli, mikono magotini, kwa subira ambayo mkewe hakuwahi kuiona. Kumbe anayo. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa nayo, na yaliyoipata ni mavi ya ndege.

Kicheko kikamkauka. Mshonaji akaivuta cherehani, akaanza kukanyaga kwa nguvu zake zote, ili mumewe akimwita asimsikie.