Bomba Limepasuka

Pale saluni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwanasheria, na si kwa sababu ya kusoma. Alikuwa msusi kama wenzake, ila hakuna ahadi ambayo alishindwa kumtoa mtu ndani yake. Umebanwa zamu ya Jumapili? Kuna mwanamume kang'ang'ania mtoke naye? Kaa kwenye kiti, inamisha kichwa. Ukiinuka una nywele mpya na udhuru mpya.

"Ugonjwa usiuguse," aliwafundisha. "Ukisema unaumwa, mtu atakuletea dawa. Msiba ndio kabisa, wataulizana kaburi liko wapi. Sema kitu cha maji, halafu tia aibu kidogo. Mtu akijiaibisha mwenyewe, nani atamhoji?"

Wiki hiyo Shosti, msusi wa kiti cha jirani, rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kusukana uani, alimwomba udhuru. "Kuna ndugu yangu kaalikwa mahali. Hataki kwenda, hataki kuudhi watu."

Mwanasheria akautunga papo hapo, saluni nzima ikisikiliza: bomba la jikoni limepasuka, nimesimama juu ya stuli nimeliziba kwa soksi, tafadhali asije mtu kusaidia, sakafu inateleza, nitajilaumu akiumia.

"Soksi!" Wateja walivunjika mbavu. Aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa akaomba arudiwe.

Jumamosi mchumba wa Mwanasheria, fundi friji, alikuwa aje kujitambulisha ukweni, mambo ya ndoa yaanze. Mama yake Mwanasheria aliazima viti kwa majirani, na majirani wakaja pamoja na viti vyao. Shangazi alishika nafasi karibu na mlango ili awe wa kwanza kumwona mkwe. Jikoni, Shosti alikuwa akikata vitunguu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mwanasheria, aliyekuwa kando yake.

"Ndiye huyo! Ngoja nikusomee, shoga, usikie mahaba."

Mwanasheria akasoma huku anatabasamu. "Nisamehe sana, mpenzi. Bomba la jikoni limepasuka. Nimesimama juu ya stuli, nimeliziba kwa..." Akanyamaza. Kisu cha Shosti nacho kikanyamaza.

"Malizia wewe."

"Shoga..."

"Ameliziba kwa kitu gani?"

Shosti hakuinua macho. "Soksi."

"Uko naye?"

"Haki ya Mungu, hapana! Alinijia analia. Kapata mwingine, na hana uso wa kukuambia. Nikaona ajitoe polepole, kwa adabu, usiumie."

"Kwa hiyo siku ile saluni ulijua."

Shosti akafuta kisu kwa khanga.

"Ukaniacha nicheke. Jana ulinisuka nywele, ukaniuliza nibane au niachie, unajua fika hakuna wa kuja kuziona. Leo umekuja kunikatia vitunguu!"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo huohuo."

Sebuleni shangazi akapaza sauti: "Mwanangu, mkwe kafika wapi? Tumeshawasengenya wote wasiokuwepo, sasa tunaanza kusengenyana wenyewe!" Nyumba ikaangua kicheko.

Mwanasheria akasimama mlangoni. Udhuru ulimjia kwa makundi, kama kawaida yake: gari, mvua, friji ya hospitali iliyozima ghafla. Wowote ungepita. Fundi angebaki mtu mwema, na viti vingeazimwa tena Jumamosi nyingine.

"Haji," alisema. "Leo wala siku nyingine. Hanitaki. Chakula kipo, naomba mle."

Kicheko kikakatika. Mama yake akaanza kusogeza viti, hata hajui anavipeleka wapi. Shangazi akamvuta Mwanasheria mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mgeni.

Hapo Shosti akatokea jikoni, mkoba begani. "Jamani, mimi niwaache. Kichwa kinaniuma."

"Pole, mwanangu!" Shangazi tayari anapekua mkoba wake. "Kaa hapa katikati yetu. Mimi dawa natembea nazo."

Shosti akamtazama Mwanasheria, macho yakimsihi amtoe kama alivyowatoa wengine wote.

Mwanasheria akamsogezea glasi ya maji.