Miduara ya Penseli Kwenye Gari la Maktaba

Kila Alhamisi ya pili, gari la maktaba lilipomaliza kupanda mlima na kusimama kijijini Hebblewick, wa kwanza kukanyaga ngazi alikuwa Hester Ludlam, binti wa miaka kumi na moja ambaye magoti yake hayakukosa mikwaruzo. Nyuma yake alikuja bibi yake, polepole, na mkongojo wake. Nyumbani kwao hawakuwa na televisheni. Walikuwa na riwaya za upelelezi: kijiji chenye bustani nzuri, chai ya saa kumi, maiti moja nadhifu isiyochafua zulia, na mwishoni wote wanakalishwa sebuleni waambiwe ukweli. Bibi akitangulia kumaliza, Hester aliziba masikio. "Usiniambie, Bibi! Usiniambie!" Naye Bibi alibana midomo hadi mabega yakatikisika kwa kicheko.

Alhamisi moja ya Julai raha hiyo ikaingia doa. Bi Garside alipanda garini na kukibwaga kitabu mbele ya Norris, dereva.

"Cha tatu hiki! Mtu anazungushia jina la muuaji penseli, tena sura ya tatu tu! Nimekirudisha bila kukimaliza, kama vile viwili vya mwanzo. Na mwenye penseli namjua." Akafungua ukurasa wa saba. Chini ya namba palikuwa na nukta ndogo. "Hii ya nani?"

"Yangu," alijibu Bibi Ludlam. "Naitia kila kitabu nilichosoma, nisije nikakiazima tena. Kama wewe unavyotia nyota, Dorcas, kubwa kama kifungo cha koti."

"Nyota yangu haimtaji muuaji!"

Nje, mumewe Bi Garside alikuwa ameshika kikapu. Vidole vyake vilikuwa vya kijani kwa kunyofoa machipukizi ya nyanya. Nyanya zake zilishika nafasi ya kwanza kila maonyesho ya kijiji. "Hadithi za kuuana!" akadakia. "Watu wazima na akili zao! Miaka thelathini nasema, hizo ni za watu wasio na bustani."

Norris alijikuna kisogo. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele yoyote isipokuwa ya injini. "Bibi Ludlam, ofisini wamesema anayechora vitabu anyang'anywe kadi. Nakupa wiki mbili. Asipojitokeza mwingine, sina budi kuichukua."

Njia nzima Hester aliitazama miguu ya Bibi ikijikokota. Miguu ile haikuweza tena kupanda basi la mjini. Bila kadi, Bibi angebaki kutazama ukuta.

Lakini Hester alikuwa ameviazima vile vitabu vitatu. Alivisoma chini ya meza, juu ya mti wa tofaa, bafuni hadi maji yakapoa. Mwisho wa cha kwanza akakunja uso. Mwisho wa cha pili akaguna. Alipofika mwisho wa cha tatu alipiga ukelele uliomfanya paka aruke dirishani.

"Nini tena?" aliuliza Bibi.

"Usiniulize, Bibi! Subiri Alhamisi!" Akanusa tena alama ya kijani iliyoachwa na kidole pembeni ya ule mduara, akacheka peke yake kama mwehu.

Alhamisi ilipofika, Hester alipanda juu ya kiboksi cha kufikia rafu za juu. Hii ndiyo sura aliyoiota maisha yake yote: watu wote mahali pamoja, na mpelelezi amesimama.

"Shuka, mtoto, utavunjika shingo," alisema Bi Garside.

"Bi Garside, wewe ulisoma hadi mwisho?"

"Nisome nini, na muuaji nimeshamjua?"

"Hukumjua! Miduara yote mitatu imekosea!" Akamgeukia Norris. "Bibi alivisoma vyote zamani. Angetaka kutuharibia, angezungushia aliyeua kweli. Huyu alikuwa anabahatisha tu. Na jamani, hajui kubahatisha hata kidogo! Kwenye *Sumu Jikoni kwa Kasisi* amezungushia daktari. Daktari! Hata paka wetu angejua si daktari!"

"Haiwezekani!" sauti ikafoka kutoka nje. Bwana Garside alikuwa ameingiza kichwa mlangoni, masikio mekundu kama nyanya zake. "Daktari ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo!"

Wote wakageuka. Hester akainua kitabu, akaonyesha ile alama ya kijani, kisha vidole vya Bwana Garside. Hapakuwa na haja ya kusema zaidi.

"Cyril," alisema mkewe taratibu. "Na ule wimbo wa miaka thelathini?"

"Nilikuwa nachungulia ukipika," alinong'ona. "Sura mbili tatu tu. Kisha unakuja unapiga kelele, 'Muuaji ametajwa!' Nikajua nimepatia. Mara tatu mfululizo, Dorcas! Nilijiona nina kipaji."

Aliyeanza kucheka ni Norris, akaegemea usukani na honi ikalia. Bi Garside alicheka huku akifuta macho kwa kona ya skafu, kisha akamgeukia Bibi Ludlam, akaushika mkono wake. "Edith, nimekukosea. Njoo kesho nikuokee keki."

"Nitakuja. Uifiche penseli ya mumeo."

Norris akaigonga muhuri kadi ya Bibi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Bibi akampa mjukuu wake penseli. Ukurasa wa saba wa *Sumu Jikoni kwa Kasisi*, kando ya nukta ya Bibi, Hester akatia nukta yake ya kwanza.

Bwana Garside alikuwa tayari kwenye foleni, anajaza fomu ya kadi yake mwenyewe. Alimsogelea Hester, akainama.

"Sasa, mwanangu, kama si daktari, ni na—"

"Usimwambie!" likapaza sauti gari zima.