Maji ya Kukandia

...na taulo nimeshalichovya, ncha mbili kavu ziko mikononi mwangu, katikati linafuka mvuke, na huyu binti amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, kanga kaishusha mpaka kiunoni, ananingoja, ananingoja mimi Eugenia, mke wa ndoa wa Hilario, nimkande kwa uzazi wa mtoto aliyezaa na Hilario, jamani, nani kanileta hapa Kibuta kama siyo wewe Mungu, maana kwa akili zangu timamu nisingetoka Kibaha kuja kumhudumia hawara wa mume wangu, Jumanne nilikuwa namenya viazi, nimetulia zangu, ukasema nenda ukamkande Vailet, hana mama, nikacheka peke yangu jikoni, nikasema Bwana umekosea nyumba, Jumatano ukarudia katikati ya rozari, nikamweleza Justa wa jumuiya, akanikazia macho, "Mama Brayan, hiyo siyo sauti ya Mungu, hiyo presha, kapime," nikaenda kupima kweli, presha ikawa sawa, heri ingekuwa juu ningejua naumwa... "Mjukuu wangu, una bahati wewe, siku hizi nani anakanda mzazi!" huyo ni Bibi Rukaya, jirani, anachambua kisamvu barazani, ndiye aliyenipokea na kunibandikia maji, hata hakuuliza mimi ni nani, nilisema tu nimekuja kukanda, akashukuru, akatia na majani ya mwarobaini, yakatokota mpaka mfuniko ukarukaruka... na mtoto kalala pale kitandani, nilijiapiza sitamwangalia, nikamwangalia, paji lile lile, la Hilario, la Brayan wangu siku ile mama yangu aliponikanda mimi, maskini mama, kila akikamua taulo analiweka kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, anasikilizia, ndipo analeta kwangu, anayekanda lazima ajipime yeye kwanza, hilo analijua hata mwali, na mimi...

Mungu wangu. Mimi sijapima.

Sijapima, na sijasahau, nimekanda wazazi kumi na zaidi pale mtaani kwetu, sijawahi kusahau, haya maji yametoka motoni sasa hivi na ya baridi yapo kwenye ndoo karibu na mguu wangu, niliyaona, nikayaruka, kumbe nilikuwa nangoja tu ageuze mgongo, Yesu na Maria, kumbe hiki ndicho nilichokibeba, na juu yake nikavaa rozari shingoni na kusema natii, natii, nimetumwa... "Mama Brayan." Nani kamwambia jina langu? "Nilikujua tangu uliposhuka kwenye pikipiki," anasema, hageuki, sauti yake ndogo, "niliona picha yenu na jina lako kwenye simu ya baba mtoto... samahani, ya mzee. Tumbo linaniuma siku ya tano, mama. Nilimwomba Mungu aniletee mtu, nikasema yeyote." Yeyote! Ndiye mimi huyo yeyote? Amenijua, akaniamkia shikamoo pale mlangoni, nikamjibu marahaba kwa ncha ya ulimi, amenijua na bado ameshusha kanga, bado amenipa mgongo wote huo, mwembamba, uti wa mgongo unahesabika, hivi huyu mtoto haogopi, au naye ameambiwa kaa utulie wakati kila kiungo kinamwambia kimbia, na mimi nilidhani mwenye kuagizwa mambo ya ajabu ni mimi peke yangu... vidole vinaachia, taulo linanidondokea mguuni, uwii, linaunguza kweli, linaunguza, hili lingemchubua ngozi, na ningesema nini, bahati mbaya, nani angebisha, hata Hilario asingebisha, wewe tu ungejua, ulijua tangu kwenye viazi, ulijua nitakuja na nini moyoni na bado ukanituma kwenye mgongo wa mtu, mimi nilikuwa nakushangaa wewe na maagizo yako, sikujishangaa mimi... "Mama, maji yako tayari?" Bibi Rukaya anauliza toka barazani, na Vailet anainamisha kichwa, anashika magoti, anafumba macho, mgongo bado uko pale pale, na taulo bado linafuka pale sakafuni, na mdomo wangu unafunguka kabla sijaupa ruhusa:

"Subiri mwanangu. Bado ya moto."