Aliyeita Vipimo

Kwenye kibanda changu cha kushona, mimi nilikaa kwenye cherehani na Mama alishika futi. Alimzungusha mteja huku akiita kwa sauti: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nami niliandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa bila kuinua kichwa. Miaka nenda, miaka rudi, tulifanya kazi hivyo. Mama alivuka mpaka akiwa bibi harusi, akatuzaa na kutulea huku, lakini ulimi wake ulibaki wa kwao. Aliyavuta maneno mwishoni, akayakanyaga kwa uzito mahali ambapo sisi tunapita mbio. Wateja walishamzoea, na hakuna aliyewahi kushonewa gauni la kumbana kwa sababu ya lafudhi ya Mama.

Kisha akateuliwa Waziri wa Maji, mwanamke aliyezaliwa upande ule ule, mwenye ulimi ule ule. Wakati huo mdogo wangu, ambaye mtaa mzima humwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alikuwa na kipindi cha asubuhi redioni. Akaanza kumwigiza Waziri, na watu wakavunjika mbavu. Siku ya kwanza nilicheka na mimi mpaka uzi ukanikatikia. Siku ya pili nikaacha. Waziri ana sauti nene ya kiume. Ile iliyokuwa ikitoka redioni ilikuwa sauti ya Mama, pamoja na kile kikohozi chake kidogo anachokitanguliza kabla ya kusema jambo.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, kushonewa sketi. Mama akaita, "Kiuno!" Mwalimu akapasuka kwa kicheko.

"Jamani! Leo nimepimwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe!"

Hakuwa na ubaya, maskini. Mama akatabasamu, akasubiri kicheko kiishe, akaita tena kwa sauti ya chini. Baada ya hapo kila aliyeingia alitaka burudani. "Mama, hebu sema, maji yanakuja." Watoto wakawa wanamngoja getini. Kisha siku moja sokoni, mabomba ya mji yakiwa yamekauka, mwanamume asiyemjua akamwambia kwenye foleni, mbele za watu, "Mnatukaushia maji, halafu mnakuja kubana foleni yetu? Rudini kwenu." Mama alirudi na kikapu kitupu. Alikuwa ameishi hapa kabla yule bwana hajaota meno.

Tangu siku ile hakuita tena, na hata nyumbani hakutamka neno. Alimpima mteja, akabana namba kwenye futi kwa ukucha wa kidole gumba, akaniletea nisome. Nikasoma, nikaandika. Kazi haikusimama, wala hakuna mteja aliyelalamika, na binadamu ana ubaya huo mmoja: huzoea.

Chiriku alipokuja kula Jumapili, nilimvaa.

"Acha kumwigiza yule mama."

"Dada, mimi namcheka mkubwa. Mkubwa akichekwa, mdogo anapumua."

"Mabomba yamekauka mji mzima, na sijakusikia ukisema neno moja juu ya bomba. Kazi yako ni ulimi wake tu."

"Bomba halichekeshi." Akacheka mwenyewe. "Kwani mimi si damu ya huko huko? Nitambagua vipi mama yangu mzazi?"

"Wanaokusikiliza wao ni damu ya wapi? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mdogo wangu."

Akamgeukia Mama. "Eti Mama, nimekukosea?"

Mama akamwongezea kipande cha nyama kwenye sahani, akampapasa kisogo, akaenda zake jikoni. Chiriku akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitamani kumwagia mchuzi kichwani.

Waziri akaja kufukuzwa kazi. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha. Kumbe wasikilizaji walipiga simu kudai sauti yao, na Chiriku akawaletea kichekesho kipya: Mama Mgeni, anayepotea mjini na kuuliza njia. Hapo hapakuwa tena na mkubwa wa kuchekwa.

Asubuhi moja Mama alimpima bibi mmoja, akaniletea futi. Kidole gumba kilikuwa kando, hakijabana namba yoyote. Nikamuuliza, "Wapi, Mama?" Akanitazama. Nikadhani amechoka, nikampa kigoda apumzike, nikampima yule bibi mimi mwenyewe. Mama akashinda pale ukutani, kimya, kama siku zote. Jioni tulipokuwa tukifunga kibanda ndipo futi lilipomponyoka mkono wa kulia, naye hakuinama kuliokota. Nilipoliokota nikaona mdomo wake umeshuka upande.

Chiriku alitukuta hospitalini. Daktari alimmulika Mama macho, akamwinua mkono, ukaanguka. "Ni kiharusi. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini ikichelewa inaua badala ya kuponya. Niambieni, ameacha kuzungumza tangu lini?"

Nilimtazama Chiriku. Chiriku alitazama sakafu.

"Leo asubuhi? Jana? Jamani, mnaishi naye!"

"Hatujui, daktari," nikasema. "Alikuwa haongei."

Dawa hakumpa. Alituambia kwa upole kwamba sauti haitarudi, na yaliyobaki tumwachie Mungu.

Kesho yake alasiri tulikuwa wodini, mimi kichwani, Chiriku miguuni. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo, na kipindi cha Chiriku cha jana asubuhi kilikuwa kinarudiwa. Akaongeza sauti. "Msikilizeni huyu kijana, hata mgonjwa wenu atacheka."

Kikatangulia kile kikohozi kidogo. Kisha Mama akaanza kusema mle redioni, mzima kabisa, akiyavuta maneno mwishoni, akiuliza njia. Wodi nzima ikaangua kicheko. Mama kitandani akageuza macho taratibu kuelekea ile redio.

Chiriku aliruka kwenda kuizima, machozi yakimtiririka. Nikamkamata mkono.

"Iache," nikamwambia. "Nataka kumsikia Mama."