Ritifaa ya Mama Selpha

…na bado anasema mfumo, huyu Gordon wa kaunta, Mama mfumo haukutambui, Mama mfumo umekataa, kana kwamba mfumo ni bosi wake, kumbe mfumo ni kompyuta ya 486 kuukuu iliyolala chini ya meza yangu ikinichoma magoti, na seva ndogo niliyoiweka humo mwezi jana kwa sababu kubwa isingeenea, na Mama Selpha amesimama kaunta na kitambulisho mkononi, samaki wake wa ngege wako nje kwenye karai, barafu aliyotoka nayo ufukweni Dunga imekuwa maji yanayoingia chini ya mlango, na asipopata kibali cha chumba baridi kabla ya saa sita hao ni samaki wa kutupa… "Andika tena, Lornah," bila hata kunitazama, haya, naandika tena, Selpha Nyang'oma, nabonyeza, fomu inaenda, na sasa tungoje, maana kila ombi likifika mashine huamsha upya skripti, kiprogramu cha maagizo, skripti isome kilichotumwa, ijibu, ife, na mashine hii huamka kama mlevi… asubuhi Gordon alijaribu bila ritifaa, bila kile kimkato cha juu, akampata, Nyangoma, Selpha, Dunga, kila kitu sawa, halafu akasema huyo si yeye, kitambulisho kina alama, orodha haina, nenda Mama ukabadilishe kitambulisho, anasema hivyo na tai shingoni, naye Mama akamjibu taratibu, "Jina la baba yangu nilibadilishe kwa ajili ya sanduku? Heri sanduku lifunzwe kusoma," foleni ikacheka, Gordon pia akacheka, kicheko cha mtaa wa Milimani, cha mtu ambaye samaki humfikia wakiwa wamekaangwa… nitamwambia, nimeshapanga, ng' ni herufi bwana, si ng iliyomwagikiwa wino, toa ritifaa kwa ng'ombe uone kama atakupa maziwa, chuoni kwenye mdahalo niliwanyamazisha watu wa sheria kwa hoja dhaifu kuliko hii, nitamwuliza mbele ya foleni nzima, nani alikata majina ya watu, nani aliandika skripti ya kusajili, nani… ya kusajili. Nani aliandika ya kusajili. Skripti ya Gordon ni ya kutafuta, haikati kitu, inatafuta jina la mama huyu kama baba yake alivyomwachia, ya kusajili ni… ngoja, ukurasa bado mweupe, ngoja… kitabu cha maabara kilisema usiamini chochote anachotuma mtu, kuna alama ambazo mjanja akizitia ndani ya fomu mashine itazitii kama amri, na ritifaa ni mojawapo, nami nikaogopa, ritifaa inafika imevaa alama ya asilimia na 27, ndivyo fomu inavyoituma, naivua, inakuwa ritifaa tena, halafu mstari mmoja tu, futa kila kisicho herufi a mpaka z, a mpaka z ya nani, Lornah, mstari mmoja, niliuonea fahari wiki nzima, na Gordon, Gordon huyuhuyu, aliniuliza, na majina ya huku je, nikamjibu kama mtu asiyeulizwa maswali, usalama kwanza, Bwana Gordon, akarudi kwenye skripti yake, nikaona nimeshinda… na nilijaribu kwa jina langu, hilo ndilo linaloniuma, Lornah Ang'awo aliingia, Lornah Angawo akatoka, nikasema iko sawa, iko sawa kwa sababu ndivyo lilivyo kwenye cheti changu tangu Kidato cha Kwanza, karani hakuona haja ya kuitafuta alama kwenye taipureta, na mimi ninayelalamikia chai ya maziwa, mimi ninayewalalamikia wenyeviti wa midahalo, hilo sikulilalamikia hata siku moja, nikazoea kuitikia nusu jina, kisha nikalifanya sheria… Gordon anagonga kaunta kwa kalamu, maji yamefika mguu wa kiti, ukurasa bado mweupe, na Mama Selpha amemwacha, ananitazama mimi, "Nyathina," mwanangu, ananiita hivyo huku samaki wake wanaoza, "wewe nawe waitwa nani?" na ulimi wangu umeshapanda nyuma kabisa, mahali ng' inakokaa, nalikusanya jina langu lote kinywani pamoja na ritifaa yake, kwa sababu nikishalitaja sentensi inayofuata ni kwamba ni mimi niliyelikata lako…