Kijiko cha Meja

Mzee Kang'ethe hakuwa na shamba la kulima tena, kwa kuwa alikuwa amelikodisha. Hakuwa na gari, wala hakuwahi kulitamani. Hakuwa na magego mawili ya upande wa kushoto. Cheti cha shule ya mchana hakuwa nacho, maana yeye alisomea jioni, baada ya zamu, katika darasa la watu wazima lenye taa moja ya karabai na madawati ya watoto. Hakuwa na mazoea ya kukosolewa. Na asubuhi ile ya Jumamosi, Madam Chepkemei alipobisha mlango wa ghorofa ya tatu huku ameziba pua, ilibainika kwamba Mzee Kang'ethe hakuwa na kijiko cha kuchotea mavi ya paka. Alichokuwa nacho ni kigae cha sahani na gazeti la juzi.

"Sitaingia, mzee," alisema Madam Chepkemei. Ndiye aliyesimamia zile nyumba za kupanga za Kiamunyi, na kabla ya hapo alikuwa muuguzi, kwa hiyo alipanda ngazi kama mtu anayezungukia wagonjwa. "Nimemsikia paka wako tangu ghorofa ya pili."

"Paka wangu hajalia leo."

"Sijasema nimemsikia kwa masikio."

Mzee Kang'ethe akakificha kile kigae nyuma ya mgongo.

"Jirani wa chini amelalamika. Mimi nakupa wiki moja. Jumamosi ijayo, saa nne, nitapanda tena hizi ngazi. Nikikuta harufu, paka ataondoka. Usinichukie. Ndivyo mkataba unavyosema."

Kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha, Wanjugu, mkewe, alisema bila kugeuza shingo, "Paka akiondoka, mimi nimeondoka naye. Turudi Gilgil."

Mzee Kang'ethe hakucheka. Alikuwa amekaa na mwanamke huyo miaka arobaini na sita, akamjua kuwa si mtu wa kutishia. Ni mtu wa kutaarifu. Walihamia Kiamunyi mwezi wa Januari kwa ajili ya miguu yake, awe karibu na kliniki ya kunyoosha viungo, mara mbili kwa wiki. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mazoezi yakikatizwa, miguu hiyo haitamsimamisha tena. Wanjugu alikubali kuhama kwa sharti moja tu: Meja aje. Meja alikuwa paka wa kijivu aliyetokea siku moja upande wa kambi ya jeshi, akapanda juu ya ghala lao la mahindi, na kuanzia hapo akawa anakagua boma kila asubuhi. Kule Gilgil alijichimbia shimo mwenyewe na kulifukia. Huku ghorofani alipewa beseni la mchanga wa dukani, na kufukua ikawa kazi ya mzee.

"Wiki moja ni nyingi," Mzee Kang'ethe alimwambia Madam Chepkemei. "Utapanda, utashuka, na pua yako itakuwa imechoka bure."

Hakuwa akijigamba ovyo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msimamizi wa machekeche katika kiwanda kimoja cha unga hapo Nakuru. Angeweza kufumba macho, kusugua unga kwa kidole gumba, na kukuambia umepita chekeche la ngapi. Mtu wa namna hiyo angeshindwa na choo cha paka?

Jumatatu alivaa koti lake la kahawia, akaenda mjini, kwenye duka la vitu vya mifugo. Msichana wa dukani aliitwa Winrose. Jina lilikuwa limeshonwa kwenye aproni.

"Sasa, mzee. Ni dawa ya kupe?"

"Ni kijiko cha kuchotea mavi ya paka."

Winrose alimtazama, akatazama koti, kisha akaheshimu vyote viwili. Alileta vijiko vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki nyembamba, kinachopinda ukikitazama vibaya. Cha pili kilikuwa cha bati zito, kina nyufa nyembamba za kupitishia mchanga, lakini hakikuwa na mahali pake pa kukaa. Kilining'inia kwenye msumari tu. Cha tatu kilikuwa cha buluu, kimelala ndani ya kikasha chake kama meno ya bandia. Kikasha kilikuwa na mlango. Ulipoufungua au kuufunga ulilia, ta!

"Hii ndiyo mambo yote, mzee. Unachota, unarudisha, inajifungia. Huoni uchafu, hunusi kitu. Wamama wa Milimani ndio wananibuyia hii."

Mzee Kang'ethe alifungua mlango ule, akaufunga. Ta! Akafungua tena, akafunga tena. Kule Milimani kwa matajiri hakuwahi kuishi, lakini hakuona sababu ya paka wake kuchotewa kwa kijiko cha chini kuliko paka wa kule. Nyufa za kijiko hakuzitazama hata kidogo. Yeye, wa machekeche!

Wanjugu alikipokea mikononi, akakigeuzageuza. "Kizuri," alisema. "Kama sanduku la miwani."

Jumanne mambo yakawa shwari. Jumatano vilevile, ila jioni kitu fulani kilipita puani na kutoweka. Alhamisi asubuhi Wanjugu aliweka kikombe chake chini.

"Baba Njuguna, umechota?"

"Nimechota mara mbili, Mama Njuguna."

"Basi kuna mtu hakuchotwa."

Mzee Kang'ethe alipiga magoti, goti moja likalia. Alinusa beseni. Mchanga ulinuka kidogo, si wa kumtoa mtu nyumbani. Alinusa zulia, ukuta, Meja mwenyewe, ambaye aliondoka kwa hasira. Kisha akafungua mlango wa kile kikasha cha buluu. Ta! Harufu iliyotoka humo ilimrudisha nyuma akakaa chini kama mtoto.

Kijiko kilikuwa kimeingia kikiwa kimelowa, kikafungiwa na unyevu wake, siku tatu, bila hewa. Chini ya kikasha palikuwa na tope la kijivu. Na nyufa, sasa alipozitazama, zilikuwa pana mno: vidonge vidogo vya mchanga uliolowa vilipenya, vikarudi mchangani, vikavunjika humo.

Aliijua harufu ile. Unga wenye unyevu ukishonewa gunia, wiki haipiti kabla haujaota ukungu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewakemea wafanyakazi juu ya jambo hilo; mmoja alimsimamisha kazi siku mbili kwa gunia moja tu. Na sasa yeye mwenyewe ameshona gunia bichi, kisha akalisifu kwa sababu linalia ta.

"Mkuu wa machekeche," alisema Wanjugu pale kitini.

"Nyamaza, Mama Njuguna."

"Nimenyamaza. Siku mbili zimebaki."

Alikasirika kwa muda wa chai kupoa. Kisha akavaa lile koti.

"Mzee, iliyotumika haturudishi," Winrose alisema alipomwona mlangoni.

"Sijaja kurudisha. Nimekuja kufanya leo nilichopaswa kufanya Jumatatu. Nipe gazeti, maji nusu kikombe, na konzi mbili za ule mchanga wa paka."

Winrose alileta, kwa sababu ombi lile halikuacha nafasi ya kukataa. Mzee Kang'ethe alimwaga mchanga juu ya gazeti hapo kaunta, akaunyunyizia maji matone matone hadi ukashikana vidonge vidonge. Akaomba vijiko vyote vya duka. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuku alisimama kando.

"Huyu mzee anapika nini?"

"Anapima kijiko," Winrose alijibu.

"Cha kula?"

"Cha choo cha paka."

"Wueh! Nakuru imeendelea."

Mzee Kang'ethe hakuinua kichwa. Alichota kwa kila kijiko, akakitingisha mara tatu, mkono umetulia, kifundo tu ndicho kinachocheza. "Chekeche halipigwi," alimwambia Winrose. "Linabembelezwa." Kijiko cha plastiki nyembamba kilipinda, kikamwaga vyote. Kimoja chenye mpini wa waridi kilishika kidonge na kushika mchanga pia, kwa hiyo mwenye paka angetupa mali yake kila siku. Cha bati zito, kile cha msumarini, kiliacha mchanga mkavu ukipita kama unga wa daraja la kwanza, na kidonge kikabaki juu kizima. Alikigonga ukingoni mara moja. Tope lote likaanguka. Alikipangusa kwa gazeti, kikang'aa.

"Plastiki ina vinyweleo, inakunywa," alisema. "Bati halinywi."

Yule mama wa dawa ya kuku alisogea karibu. "Na mimi nipe kimoja kama hicho."

"Huna paka, mathe," Winrose akamwambia.

"Nitatafuta."

Hata Mzee Kang'ethe akacheka. Ikabaki nyumba ya kijiko. Winrose alimletea vikasha vitatu vya kufunga, akavisukuma kando vyote. Harufu haifungwi, alimweleza, hukaushwa. Alizunguka rafu mwenyewe hadi akafika kwenye vifaa vya usafi, akachukua mkebe mrefu wa kusimamishia brashi ya choo, wenye nyufa pembeni na kifuniko kinachokaa bila kubana. Alisimamisha kijiko ndani. Kikasimama wima, mpini nje, sehemu chafu imefichika, hewa inapita.

"Mimi nauza hivi vitu mwaka mzima," Winrose alisema, "na hakuna siku nimewahi kuweka hivi viwili pamoja."

Nyumbani palikuwa na swali moja tu: kwenye kitako cha mkebe aweke nini cha kunywa unyevu? Alikuwa akifikiria mkaa uliotwangwa, ingawa ungetia weusi kila mahali.

"Kwani ule unga mweupe wa maharagwe umeisha?" Wanjugu aliuliza.

Alimaanisha ule udongo mweupe, mwepesi kama vumbi la chaki, unaochimbwa Kariandusi, karibu na kwao Gilgil. Kila msimu Wanjugu alichanganya kidogo na maharagwe ya ghalani, na wadudu wakakauka wakiwa bado wanatembea. Kopo lake moja alihama nalo. Mzee Kang'ethe alitaka kusema kwamba alikuwa karibu kulifikiria jambo hilo. Akajizuia. Alimwaga kimo cha vidole viwili kwenye kitako cha mkebe, akasimamisha kijiko juu yake.

Ijumaa alichota asubuhi na jioni, akapangusa, akarudisha. Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi, Madam Chepkemei alipanda ngazi polepole, akisimama kila kona. Safari hii aliingia. Aliinamia beseni. Akazunguka chumba.

"Na kile unachochotea umekificha wapi?"

"Hakijafichwa, Madam. Kiko karibu na mguu wako."

Alitazama chini, akakiona kile kimkebe cheupe. Alikichomoa kijiko, akakileta puani kama alivyokuwa akinusa bendeji, macho yamefumbwa.

"Mzee," alisema, "kama wodi yangu ingekuwa na mtu wa namna yako, ningestaafu nikiwa bado na pua. Mimi sina neno tena. Lakini jirani alishampigia mwenye nyumba, kule Kericho, na yule hataki habari za simu, anataka karatasi. Mwandikie umwombe kibali. Mweleze harufu ilitoka wapi na umefanya nini. Nitatia sahihi chini, na nikishatia sahihi hajawahi kukataa."

Mzee Kang'ethe aliketi mezani. Kuandika ndiko alikokupenda kuliko vyote alivyofundishwa jioni zile. Aliandika upesi, akasoma kwa sauti: "Harufu hiyo ilizidishwa na kikasha kisichofaa kilichouzwa..."

"Kikasha kilijinunua?" Wanjugu aliuliza.

"Barua rasmi, Mama Njuguna, haitaki mambo mengi."

"Madam atatia jina lake chini ya maneno hayo. Unataka atie jina kwenye nusu ya ukweli?"

Madam Chepkemei alijifanya anaangalia dirishani. Kalamu ilikata mstari ule wote. Kisha Mzee Kang'ethe alichukua karatasi nyingine, safi, akaandika kwa herufi zake zilizosimama: "Mwanzoni sikuwa na kifaa. Baadaye nilinunua kibaya, kwa sababu nilitazama mlango wake na sikutazama nyufa zake. Kosa hilo ni langu, nami ndiye ninayejua machekeche. Nimelirekebisha, na shahidi wangu amenusa." Akaomba kibali cha paka mmoja, wa kijivu, mwenye tabia njema. Madam Chepkemei alisoma mara mbili, akatia sahihi bila kuongeza hata nukta.

Jumatatu, wakielekea kliniki, walipitia Posta. Wanjugu alibandika stempu, akaikandamiza kwa kidole gumba hadi akaridhika. Mzee Kang'ethe alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi juu ya kaunta, akalisoma jina la mwenye nyumba mara ya mwisho kuona kama lote liko sawa. Liko sawa. Akaitumbukiza sandukuni.